Kuchangia Matibabu Si Kumtoza Mgonjwa

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, kampeni za uchaguzi mkuu zilipozinduliwa jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa ahadi kwamba hospitali zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni la matibabu. Ni ahadi njema, na sisi tuliipokea kwa moyo mkunjufu. Lakini yatupasa tujiulize, ndugu wanachama na wafanyakazi wenzetu, imekuwaje hata ahadi ya namna hiyo ikahitajika katika nchi yetu. Wazee wetu walijua kuweka rehani shamba. Walijua kuweka rehani ng'ombe, na katika mwaka wa njaa hata jembe. Kuweka rehani maiti ya mama mzazi hawakukujua. Jambo hili limekuja juzi juzi tu, nalo limekuja na daftari, stakabadhi na mhuri. Na kwa kuwa lina mhuri, watu wengi wamedhani kwamba ni halali.

Msomaji asidhani kwamba aibu hii ni ya Watanzania peke yao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Nairobi iliamua kwamba kuwafungia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kulipia kujifungua, kulivunja haki zao za kikatiba. Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilitoa taarifa nzima juu ya wagonjwa na maiti wanaozuiliwa hospitalini katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia. Hatuyataji mambo haya kwa kujifariji, maana jirani akiugua ndui haikupunguzii wewe homa yako. Twayataja kwa sababu jambo likitokea mahali pengi mno kwa namna moja, haliwezi kuwa limesababishwa na roho mbaya ya mganga mkuu huyu au mhasibu yule. Chanzo chake ni kimoja, nacho ni hiki: hospitali imefanywa iishi kwa fedha ya mgonjwa. Ikiisha kufanywa hivyo, mgonjwa asiye na fedha huwa ni hasara, na hakuna nyumba ya biashara inayopenda hasara itoke mlangoni kwa miguu yake, au kwa jeneza.

Mpwapwa, ambako tunataka msomaji atufuate leo, ni mji wenye historia ndefu. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapo. Wapagazi walikunywa maji yashukayo milimani na kujaza vibuyu vyao kabla ya kuingia Marenga Mkali, ile nyika kavu inayoanza upande wa Chunyu. Ng'ambo ya nyika hiyo walikuwako watemi wa Kigogo, na watemi walitoza hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na maana tunayoijua leo. Lilikuwa ushuru wa njia na wa maji, uliolipwa kwa nguo na shanga. (Jinsi ushuru wa halali ulivyogeuka kuwa jina la rushwa, hilo ni somo la siku nyingine.) Msafara ulibishana siku mbili tatu juu ya idadi ya mikono ya nguo, lakini mwisho wake ulijulikana tangu mwanzo, kwani mtu aliyevuka nyika akiwa na kiu hapatani bei. Mwenye kisima ndiye asemaye, na mwenye kiu hulipa.

Huko ndiko tuliko sasa katika habari ya matibabu. Wako wataalamu wanaotuambia kwamba matibabu ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kwamba ushindani wa soko utapunguza bei na kuongeza ubora. Sisi twawaalika wataalamu hao waende mnadani siku ya mnada wakatazame. Mtu akitaka mbuzi humshika mgongo, humfunua meno, hutaja bei yake. Asiporidhika humwendea mwenye mbuzi mwingine, au hurudi nyumbani akala mchicha. Mgonjwa hawezi kufanya lolote katika hayo. Haijui bidhaa anayoinunua. Mwuzaji ndiye amwambiaye ni kipi anachokihitaji na kiasi gani. Hawezi kuahirisha hadi wiki ijayo. Mara nyingi hata hakwenda mwenyewe, amebebwa. Mahali ambapo mnunuzi mmoja amelala kifudifudi na mwuzaji mmoja amesimama juu yake na bomba la sindano, hapo hapana soko, hata kama pana bei.

Tuchukue mfano wa mkulima wa upande wa Rudi au Kibakwe, katika wilaya hiyo hiyo ya Mpwapwa. Hatumsemi mtu mmoja. Twasema habari ya wengi. Nchi ya Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, uanzao kwa kawaida mwezi wa Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo ghala ni tupu au karibu kuwa tupu, kwa kuwa mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha kuliwa na mapya hayajaja. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mbu huzaliana, maji ya visima huchafuka, na barabara za milimani hukatika. Basi ugonjwa haumjii mkulima wakati ana fedha. Humjia wakati ana palizi mkononi na njaa tumboni, na kama ugonjwa wenyewe ni mkubwa, tuseme ni ngiri iliyojisokota na yahitaji kupasuliwa usiku huo huo, hana muda wa kungoja karanga zikauke.

Kwanza huuzwa kuku, halafu mbuzi. Mnunuzi wa mbuzi si mjinga; ajua kwa nini mbuzi huyo anauzwa mwezi wa Februari na si mwezi wa Julai, na bei huitoa kwa kujua hivyo. Mbuzi wakiisha, huuzwa ufuta ungali shambani, haujatoa hata vitumba, kwa mfanyabiashara atakayekuja kuuchukua wote wakati wa mavuno kwa robo ya thamani yake. Na mgonjwa akipewa rufaa kwenda Dodoma mjini, safari ya zaidi ya kilometa mia, gharama si za hospitali tu: iko nauli ya mwangalizi, chakula chake, na mahali pa kulala. Hapo ndipo hutafutwa mkopo. Watu wa mjini wameupa mkopo huu jina ambalo hakuna mwandishi angeweza kulibuni vizuri zaidi: wanauita kausha damu. Mtu amekwenda hospitali kuongezewa damu, akarudi kwake kukaushwa.

Deni la namna hii haliishi siku linapolipwa. Mkulima aliyeuza ufuta wake ukiwa mchanga hana fedha ya mbegu msimu unaofuata. Aliyeuza maksai analima kwa mkono, na eneo lake hupungua kwa nusu. Mtoto wa kidato cha pili hurudishwa nyumbani asaidie. Mhasibu wa hospitali anaona katika kitabu chake kwamba deni limefungwa, na kwa upande wake ni kweli; lakini deni lenyewe limehamia shambani, limekaa pale miaka mitatu minne likila.

Yako mambo ambayo msomaji kijana huenda hakuyasikia, nayo yafaa yakumbukwe. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilisema wazi kwamba hospitali zetu kubwa zimo mijini na zafaidi sehemu ndogo ya watu, lakini mikopo iliyozijenga hulipwa kwa jasho la mkulima auzaye mazao yake nje. Halikuwa neno la kupita. Katika miaka iliyofuata zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini kwa mamia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyokataza matibabu ya binafsi kwa ajili ya faida. Hospitali za makanisa ziliachwa ziendelee, kwa kuwa hazikugawana faida.

Na kuhusu hizo za makanisa, haki lazima isemwe. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na miongoni mwa waliowafuata muda si mrefu alikuwamo mganga, Dakta Baxter. Wengi wetu wa rika hili tulisomea kwenye shule za misheni, na tulifundishwa huko habari ya yule mwanamke wa Injili aliyekuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wala asipate nafuu. Walimu wetu waliitumia habari hiyo kufundisha imani. Tulipokua tukaona kwamba ndani yake limo pia jambo la fedha, na kwamba mama huyo angetambulika mara moja akisimama leo kwenye foleni ya hospitali yoyote ya wilaya.

Lakini tusidanganyane kwamba siku zile za matibabu ya bure zilikuwa paradiso. Anayesema hivyo ama alikuwa hajazaliwa, ama alikuwa na ndugu aliyefanya kazi stoo ya dawa. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei za mazao yetu katika soko la dunia na makosa yetu wenyewe ya uendeshaji viliikausha hazina. Katika miaka ya 1980 mgonjwa alilazwa bure, lakini mara nyingi alilazwa bila shuka na bila dawa. Kama si mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na Denmark, uliopeleka masanduku ya dawa hadi zahanati za vijijini, mambo yangekuwa mabaya zaidi. Sheria ilikuwa imemwondoa mfanyabiashara mlangoni, lakini haikuwa imeweka dawa kwenye kabati. Kukataza ni kazi ya siku moja. Kujaza kabati ni kazi ya kila siku. Somo hilo tunalirudia hapa kwa sababu tunaogopa kwamba katika jambo hili la maiti twaweza kulisahau tena.

Kisha yakaja masharti ya wakopeshaji. Serikali ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha maelekezo yake kwa nchi maskini juu ya kugharimia afya, na moja ya mashauri yake makubwa lilikuwa kwamba mtumiaji wa hospitali alipe. Mwaka 1991 sheria ya 1977 ilibadilishwa na hospitali za faida zikarudi. Mwaka 1993 malipo yakaanza katika hospitali kubwa za serikali, na katika miaka iliyofuata yakashuka hadi mikoani na wilayani. Jambo hilo lilipewa jina zuri: uchangiaji.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo, maana neno hili limefanya kazi kubwa bila kutambuliwa. Kila Mswahili ajua kuchangia ni nini. Kijana akioa, watu huchanga. Mtu akifiwa, kijiji huchanga: huyu debe la mtama, yule elfu mbili, mwingine kuni. Waliojaliwa hutoa zaidi, mjane hutoa alichonacho, na mfiwa mwenyewe siku hiyo hatoi kitu. Angetoa, watu wangemshangaa. Hiyo ndiyo maana ya mchango: wengi wasio na shida wanamshika mkono mmoja aliye nayo. Basi mtu aliyesimama peke yake kwenye dirisha la malipo, mgonjwa wake amelala kwenye benchi nyuma yake, akihesabu noti alizozipata kwa kuuza mbuzi, huyu anachangia na nani? Wenzake wa kuchanga wako wapi? Huyo anatozwa. Tukiliita jambo kwa jina lake tutakuwa tumeanza kulitibu.

Na madhara yake hayakuishia kwa mgonjwa. Kidogo kidogo hospitali za umma zenyewe zilibadilika tabia. Hospitali ambayo sehemu kubwa ya fedha zake za matumizi yatoka dirishani huanza kulitazama dirisha kama mkulima atazamavyo mawingu. Mganga mfawidhi hupimwa kwa makusanyo. Hivyo twasema kwamba ugonjwa wa kutafuta faida haukai katika majengo ya watu binafsi peke yake. Waweza kuingia hata mahali ambapo hakuna mwenye hisa hata mmoja.

Kuhusu hospitali za binafsi, hatupendi kusema maneno ya jazba. Wamo humo waganga hodari na wenye huruma, na aliyenunua mashine kwa mkopo wa benki lazima arudishe mkopo. Lakini ndiyo shida yenyewe: mashine iliyokopewa lazima ipate watu wa kupimwa. Alipwaye kwa kila kipimo hupima, na alipwaye kwa kila siku ya kitanda hachelewi kuona kwamba mgonjwa bado ni dhaifu. Si lazima awe mwizi. Inatosha kwamba hesabu ya mwisho wa mwezi inamnong'oneza.

Wafanyakazi waliliona jambo hili kwa macho yao mwaka 2024. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 na ambao mfanyakazi wa serikali na mwajiri wake huutolea pamoja sehemu 6 katika kila 100 za mshahara, ulitangaza bei mpya za kulipia matibabu kuanzia tarehe 1 Machi. Umoja wa hospitali binafsi ulikataa bei hizo, na baadhi ya hospitali kubwa zikatangaza kutopokea kadi za Mfuko. Wenye hospitali walisema bei hazilingani na gharama. Mfuko nao ulikuwa na hoja zake, kwamba fedha za wanachama lazima zilindwe. Yawezekana kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Lakini mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa umekatwa mwezi ule kama kawaida, akafika mapokezi na mtoto mwenye homa, hakuulizwa maoni yake na upande wowote. Fedha ilikuwa yake, mtoto alikuwa wake, lakini mezani hakuwa na kiti.

Nchi tajiri kuliko zote nayo ina hadithi hiyo hiyo kwa tarakimu kubwa zaidi. Mwaka 2022 ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilieleza kwamba madeni ya matibabu yaliyoandikwa katika kumbukumbu za mikopo za wananchi yalifika dola bilioni 88. Marekani haina upungufu wa waganga wala wa mashine. Basi asije mtu akatuambia kwamba deni la mgonjwa ni tunda la umaskini tu na litaondoka lenyewe tutakapoendelea.

Karibu nasi zaidi, Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na watu, hasa maskini, wakamiminika kwenye zahanati. Jambo hilo lilithibitisha kwamba dirisha ndilo lililokuwa limewazuia. Lakini dawa hazikuongezeka kwa kadiri ya watu, na wengi wakajikuta wanaandikiwa karatasi ya kwenda kununua kwenye duka la pembeni. Ndilo somo letu la miaka ya 1980, limerudi kwa jirani.

Mkoa wa Dodoma, Mpwapwa ikiwamo, una mambo yake ya kuwafundisha wengine. Mfuko wa Afya ya Jamii ulikuwa umejaribiwa kwanza wilayani Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, lakini ulikuwa mfuko mlegevu: kadi ya mtu ilifaa zahanati moja tu, na akivuka mto ilikuwa karatasi. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa Uswisi, mfuko huo ulipangwa upya katika mkoa wa Dodoma. Waandikishaji walipelekwa vijijini, na kadi ikaweza kumfuata mgonjwa kutoka zahanati hadi hospitali. Mwaka 2014 ukaongezwa mpango uitwao Jazia, ambao jina lake ladokeza kazi yake: dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, wilaya za mkoa zinanunua kwa pamoja kutoka kwa mshitiri mmoja aliyechaguliwa kwa ushindani, ili kabati lijazwe. Mambo hayo mawili yalionekana kufaa hata yakaenezwa. Mwaka 2018 mfuko ulioboreshwa ukawa wa nchi nzima, kwa ada ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita.

Shilingi 30,000 haifiki bei ya mbuzi mmoja. Kwa nini basi kaya nyingi zilijiandikisha mwaka wa kwanza na hazikurudi mwaka wa pili? Wako wasemao kwamba mkulima haelewi maana ya bima. Sisi twasema anaielewa kuliko wanavyodhani. Huyu ni mtu ambaye huweka akiba ya mtama kwa mwaka wa ukame, na ambaye huwagawia ndugu zake wa vijiji vingine baadhi ya ng'ombe wake wawafuge, ili maradhi yakiingia zizi moja yasimmalize. Bima ameifanya kabla ya neno lenyewe kufika. Alichokikataa ni kutoa ada, kwenda zahanati na kadi yake, na kuambiwa dawa hakuna, akanunue. Mara moja atavumilia. Mara ya pili atasema afadhali abaki na mbuzi wake. (Mbuzi hawa na ng'ombe wana bahati yao: Mpwapwa imekuwa na utafiti wa mifugo tangu siku za Wadachi, na iko hata jamii ya ng'ombe iliyopewa jina la mji. Hatuwaonei wivu, twaona tu kwamba nchi ikiamua kuangalia afya ya kiumbe kwa miaka mia, inaweza.)

Sasa iko Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge tarehe 1 Novemba 2023. Wakati mswada wake ulipojadiliwa mwaka 2022, wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama watu 15 tu katika kila 100, na ada iliyotajwa hadharani ilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Watu wengi walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Lakini jambo lililo zito zaidi katika sheria hiyo, kwa maoni yetu, si ada. Ni mfuko wa wasio na uwezo, uliopangiwa kupata fedha kutoka katika kodi za vitu kama soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hapo ndipo neno mchango linarudi katika maana yake. Mlevi wa Dar es Salaam, pasipo kujua, anamchangia ajuza wa Wotta. Hatukuona njia bora ya kumtumia mlevi.

Ila mfuko wa namna hiyo una adui wawili. Wa kwanza ni mkono mrefu wa matumizi mengine. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwezi wa Aprili 2001 wakaahidi kuipa afya sehemu 15 katika kila 100 za bajeti zao. Msomaji ajua ahadi hiyo ilivyokwenda. Kodi ya soda iliyokusanywa kwa jina la mgonjwa lazima imfikie mgonjwa, na Bunge liambiwe kila mwaka ni shilingi ngapi zilikusanywa na ngapi zilifika.

Adui wa pili ni mdogo, na kwa hiyo ni hatari zaidi, maana haonekani kutoka Dodoma mjini, sembuse Dar es Salaam. Ni orodha. Nani ataandikwa kuwa hana uwezo, na nani atamwandika? Msamaha wa matibabu upo kwa watu hawa: mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee asiyejiweza wa miaka 60 na zaidi, mwenye kifua kikuu, na maskini aliyethibitishwa. Lakini maskini huyo, ili athibitishwe, lazima apate barua ya mtendaji wa kijiji, aipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, na afisa huyo awepo ofisini. Mwenye nguvu za kuyafanya hayo yote kwa siku moja si mgonjwa. Na wako wazee ambao wangekufa kabla ya kusimama mbele ya watu kutangaza kwamba ni mafukara. Heshima yao ndiyo mali iliyobaki, nayo twaidai iwekwe mezani kama rehani.

Kwa hiyo orodha na iandikwe mapema, watu wakiwa wazima, katika mkutano wa kijiji ambako kila mtu amjua mwenzake, si dirishani usiku. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii umekwisha kuzitambua kaya maskini za vijiji vingi. Hakuna haja ya kuwauliza watu hao mara ya pili kama kweli ni maskini. Na wale wawezao kulipa ada waandikishwe mwezi wa Juni hadi Agosti, karanga na ufuta vinapouzwa, ambapo chama cha ushirika chaweza kukata ada kwa ridhaa ya mwanachama kabla fedha haijapita kilabuni. Waandikishaji wanaopita mwezi wa Januari wanapoteza viatu vyao bure.

Wanachama katika matawi wana kazi hapa isiyohitaji kibali cha mtu. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Ni kamati ngapi zimepata kuifungua leja ya dawa na kuuliza dawa zilizopokelewa tarehe fulani zilikwenda wapi? Mwuguzi mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa maana yeye ndiye atukanwaye kila siku kwa makosa ya ghala asiloliendesha. Asiyefurahi, tutakuwa tumejifunza kitu.

Turudi sasa kwenye maiti, tulikoanzia. Marufuku ni lazima, na atakayeivunja aadhibiwe. Lakini hospitali inayoishi kwa dirisha, ikinyimwa kuzuia maiti, itatafuta kuzuia kitu kingine: itadai fedha za kutanguliza kabla mgonjwa hajaguswa, na hapo tutakuwa tumeokoa maiti kwa kumpoteza mgonjwa. Deni la aliyefariki lazima lilipwe na mtu, na mtu huyo asiwe mjane. Twapendekeza kwamba kila halmashauri, Mpwapwa ikiwa mojawapo, itenge katika bajeti yake fungu la kufuta madeni ya matibabu ya waliofariki na ya wale ambao wameuza cha mwisho. Kwamba fungu hilo liandikwe kwa jina lake, si kufichwa ndani ya matumizi mengineyo. Na kwamba kila robo ya mwaka kiasi kilichotengwa na kiasi kilicholipwa vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hospitali ya wilaya, pembeni ya dirisha la malipo, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mtu aliyesimama kwenye foleni.